Kazi za Mtoto: Jinsi Tiba ya Kazi Inavyomwezesha Kujifanyia Mambo ya Kila Siku

Mazungumzo kwa wazazi, walezi, walimu wa chekechea na wahudumu wa afya ya jamii, Kaunti ya Kilifi



Katika hospitali kubwa za kaunti kuna chumba ambacho wengi hupita mlangoni pake bila kujua kinachofanyika ndani. Mara nyingi mlango huandikwa herufi mbili tu: OT. Ndani huwa kuna mikeka sakafuni, viti vidogo vya mbao, mipira, vikombe, vijiko na nguo zenye vifungo vikubwa. Mtu akichungulia anaweza kudhani ni mahali pa watoto kuchezea. Anaweza kumwona mtaalamu aliyesomea kazi yake kwa miaka kadhaa amekaa chini, anamfundisha mtoto wa miaka minne kuvua soksi. Hiyo ndiyo tiba yenyewe.

Jina lake ni tiba ya kazi. Neno "kazi" hapa halina maana ya ajira. Ni shughuli zote zinazoijaza siku ya mtu na kumfanya awe mtu miongoni mwa watu. Kazi ya mtoto ni kula, kuvaa, kuoga, kwenda chooni, kucheza, kujifunza, kulala, na kuishi na wenzake. Mtoto asipoweza kufanya kazi hizo kwa sababu ya ulemavu, ugonjwa au kuchelewa kukua, mtaalamu wa tiba ya kazi hutafuta kinachomzuia na njia ya kumwezesha.

Fani hii ilipata chama chake cha kwanza Marekani mwaka wa 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ikakua haraka kwa sababu ya askari waliorudi na majeraha. Leo huadhimishwa duniani kila tarehe 27 Oktoba. Hapa Kenya wataalamu wake hufunzwa katika vyuo kama KMTC, na tangu sheria ya mwaka wa 2017 wanasajiliwa na kupewa leseni na baraza lao wenyewe.

Wengi huichanganya tiba hii na fiziotherapia. Mtaalamu wa fiziotherapia hushughulikia zaidi misuli, viungo na mwendo. Mtaalamu wa tiba ya kazi huanza na swali jingine: mtoto huyu anataka au anahitaji kufanya nini leo, na ni kitu gani kinamshinda? Mmoja humsaidia mtoto aweze kunyoosha mkono. Mwingine huhakikisha mkono ulionyooka unafika kwenye kikombe, unakishika na kukileta mdomoni. Wote wawili wanahitajiana, na mara nyingi mtoto mmoja huhudumiwa na wote.

Ni watoto gani wanaohusika?

Suala hili si la watu wachache. Utafiti uliofanywa hapa Kilifi na kuchapishwa mwaka wa 2006 uliwaangalia watoto wa umri wa miaka 6 hadi 9. Katika kila watoto 1,000, takriban 61 walikuwa na matatizo ya mfumo wa neva ya kiwango cha wastani au kikali: kifafa, ugumu wa kuelewa, kusikia, kutumia viungo au kuona. Kijiji chenye watoto 100 wa rika hilo kingekuwa na karibu watoto 6 wa namna hiyo. Baadhi yao huonekana shuleni. Wengine hawaonekani popote, kwa sababu hubaki chumba cha nyuma wageni wanapofika.

Wanaofaidika na tiba ya kazi ni pamoja na watoto wenye mtindio wa ubongo, usonji, Down, mgongo wazi au ulemavu wa viungo. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Waliobaki na udhaifu baada ya malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Na walioungua moto mikononi. Wapo pia watoto wasio na ugonjwa wenye jina, ila kalamu inawashinda, vifungo vinawashinda, au hawatulii darasani hata kwa dakika chache.

Sababu za hali hizi zinafahamika kwa sehemu kubwa. Mtoto anaweza kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Umanjano wa mtoto mchanga, ule wa macho na ngozi kugeuka rangi, ukiwa mkali na usipotibiwa mapema unaweza kudhuru ubongo. Maambukizi ya ubongo yanaweza kuacha madhara. Baadhi ya hali hutokana na maumbile, na nyingine hazijulikani chanzo. Hakuna hata moja inayotokana na mama kuvunja mwiko, na hakuna inayoletwa na mtu aliyeonewa wivu. Jambo hili linastahili kusemwa waziwazi, kwa maana katika nyumba nyingi mama hulaumiwa, baba hujitenga, na miezi ambayo mtoto angeweza kusaidiwa hupita katika kutafuta nani alaumiwe.

Dalili za kumfanya mzazi asingoje

Udongo upate uli maji. Ubongo wa mtoto hujijenga kwa kasi zaidi katika miaka ya mwanzo, na kitu anachokirudia kila siku huacha njia ndani yake. Kwa hiyo anayeanza mapema hupata zaidi. Hata hivyo watoto wengi hufikishwa hospitalini wakiwa na miaka mitatu, minne au zaidi, kwa sababu familia iliambiwa, "Ngojeni, atatembea tu, hata baba yake alichelewa."

Ni kweli watoto hawakui kwa mwendo mmoja. Lakini kuna mipaka. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi tano, zikiwemo Ghana na Oman, na kuchapisha matokeo mwaka wa 2006. Karibu wote waliweza kukaa bila kushikiliwa wafikapo takriban miezi 9, na kutembea peke yao wafikapo takriban miezi 18. Hatua kama hizi zimeandikwa pia katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto anachopewa kila mama kliniki. Wengi hukifungua kwenye ukurasa wa chanjo na kukifunga. Ukurasa wa hatua za ukuaji nao unafaa kusomwa.

Mzazi ampeleke mtoto akaangaliwe akiona mojawapo ya haya:

Baada ya miezi minne kichwa bado kinalegea nyuma anapoinuliwa, au ngumi zimefungwa wakati wote.

Kati ya miezi sita na mwaka mmoja miguu ni mikavu, na inapishana kama mkasi anapoinuliwa au anapobadilishwa nepi.

Kufikia miezi tisa hawezi kukaa bila kuegemezwa.

Kabla ya kutimiza mwaka mmoja anatumia mkono mmoja tu. Dalili hii huwapita wengi, kwa kuwa husemwa, "Huyu ni shoto." Mtoto mdogo hivyo kwa kawaida hutumia mikono yote miwili. Akiuacha mmoja kando, huenda mkono huo una shida.

Anapaliwa kila anapolishwa, au mlo mmoja unachukua karibu saa nzima.

Hageuki akiitwa, hatazami watu, hachezi na wenzake, au ameacha maneno aliyokuwa ameanza kuyasema.

Dalili moja haitoshi kumpa mtoto jina la ugonjwa. Inatosha kumtoa nyumbani akaonwe.

Siku ya kwanza hospitalini

Mzazi anayekwenda mara ya kwanza mara nyingi hutarajia dawa. Hatapewa chupa wala sindano. Ataulizwa maswali mengi, mengine yakionekana madogo mno: mtoto analala wapi, anakula akiwa ameshikwaje, choo kiko umbali gani, nani hushinda naye mchana, anapenda nini, anaogopa nini. Kisha mtaalamu atamtazama mtoto akicheza na akijaribu kufanya mambo. Kutoka hapo huchaguliwa lengo moja au mawili, na mzazi ndiye mwenye sauti kubwa katika kuchagua.

Lengo zuri ni dogo na linaonekana. "Mtoto awe sawa" si lengo, maana hakuna siku mtu atajua limefikiwa. "Mtoto ashike kikombe kwa mikono miwili na anywe uji bila kuumwaga wote" ni lengo. Mapitio makubwa ya tafiti kuhusu mtindio wa ubongo, yaliyoongozwa na Iona Novak wa Australia na kuchapishwa mwaka wa 2013, yaliweka mazoezi ya namna hii, yenye lengo mahsusi na yanayofanywa nyumbani, miongoni mwa mbinu zenye ushahidi mzuri. Kumnyoosha mtoto viungo kwa mkono huku yeye amelala tu hakukupata sifa hiyo. Mtoto hujifunza kitu kwa kukifanya.

Hesabu ya saa

Hapa ndipo ulipo moyo wa jambo hili. Tuseme mtoto anafika hospitalini mara moja kila wiki mbili na kuhudumiwa nusu saa. Kwa mwezi amepata saa moja. Mtoto huyo huyo, akiwa macho saa 12 kwa siku, ana takriban saa 360 za mwezi ule nyumbani. Anakula mara tatu kwa siku, yaani milo 90. Anavalishwa na kuvuliwa angalau mara 60. Anaogeshwa mara 30 au zaidi.

Saa moja ya hospitali haiwezi kushindana na saa 360 za nyumbani. Ikiwa katika saa hizo zote mtoto analishwa, anavalishwa na kubebwa bila kupewa nafasi ya kujaribu, anajifunza pia, lakini somo analolipata ni kwamba mwili wake ni mali ya watu wengine. Ikiwa katika nusu ya milo ile 90 anapewa nafasi ya kuingiza mkono wake, mwezi mmoja umempa mazoezi 45 ambayo hakuna hospitali inayoweza kuyatoa.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mtaalamu ni kumfundisha mzazi, nyanya, dada mkubwa au yeyote anayeshinda na mtoto. Kumsaidia mtoto kuna namna mbili. Kuna kumfanyia, na kuna kumwezesha afanye. Kumfanyia ni haraka na kunatoka kwenye huruma. Kumwezesha kunachukua muda na kunachafua meza, lakini ndiko kunakobaki na mtoto baada ya mzazi kuzeeka.

Kula

Mlo ndio mahali pazuri pa kuanzia, kwanza kwa usalama. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akilishwa amelala chali, chakula kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Akirudia kupaliwa hivyo, mapafu huugua mara kwa mara na uzito hupungua. Kumwaga uji mdomoni huku kichwa kimelazwa nyuma ni hatari, hata kama ndivyo "anavyomeza upesi."

Mtoto akalishwe wima, nyonga zikiwa nyuma kabisa kwenye kiti, miguu ikigusa sakafu, kibao au tofali. Kichwa kiwe katikati na kidevu kiinamishwe kidogo. Anayemlisha akae mbele yake kwa kimo sawa naye, kwa sababu akisimama mtoto atainua uso na koo litafunguka vibaya. Kijiko kiwe na chakula kidogo, kiingie kutoka mbele, na mtoto apewe muda wa kumeza kabla ya kingine. Uji mzito kiasi au chakula kilichopondwa humezwa kwa urahisi zaidi na baadhi ya watoto kuliko maji matupu. Mtaalamu ndiye atakayesema uzito unaomfaa.

Kisha huja kujilisha. Mpini wa kijiko unaweza kunenepeshwa kwa kitambaa au kipande cha tyubu ya baiskeli ili vidole dhaifu vikishike. Kikombe cha plastiki kikikatwa upande mmoja wa ukingo, pua hupata nafasi na mtoto hunywa bila kuinamisha kichwa nyuma. Sahani ikiwekwa juu ya kitambaa kilicholowa haitelezi. Kwa kuanzia, mkono wa mzazi uwe juu ya mkono wa mtoto. Baadaye ushuke kwenye kifundo, kisha kwenye kiwiko, hadi siku utakapoondoka.

Kiti cha kona, kinachomshika mtoto pande zote mbili, fundi wa kijijini anaweza kukitengeneza kwa mbao akipewa vipimo na mtaalamu. Zipo pia mbinu za kutengeneza viti na meza imara kwa karatasi kuukuu na gundi ya unga, zilizoanzia Zimbabwe na kuenea kwingineko Afrika. Vipimo ndivyo muhimu. Kiti kikubwa kuliko mtoto humkunja vibaya na kumchosha.

Kuvaa na kwenda chooni

Kuvaa kuna hatua nyingi kuliko mtu mzima anavyokumbuka. Shati peke yake lina kutambua mbele na nyuma, kuingiza mkono, kulizungusha mgongoni, kuingiza mkono wa pili, kulivuta chini na kufunga vifungo. Mtoto akitakiwa kuanza mwanzo atashindwa katika hatua ya pili na kulia. Njia inayofaa wengi ni kuanzia mwisho. Mzazi afanye hatua zote, amwachie mtoto ile ya mwisho tu, yaani kulivuta shati chini. Akishaiweza, aachiwe mbili za mwisho, kisha tatu. Kila mara yeye ndiye anayemaliza, na anayemaliza kazi huipenda.

Kwa mtoto ambaye upande mmoja ni dhaifu kuna kanuni rahisi: wakati wa kuvaa mkono dhaifu huingia kwanza, na wakati wa kuvua hutoka mwisho. Nguo pana kidogo, kiuno cha lastiki na vifungo vikubwa hupunguza vita vya asubuhi. Avae akiwa amekaa chini, ameegemea ukuta, ili asipigane na kuanguka na nguo kwa wakati mmoja.

Chooni, shida kubwa hapa kwetu ni kuchuchumaa. Mtoto ambaye miguu yake haimudu anaweza kutengenezewa kiti cha mbao chenye tundu kinachowekwa juu ya choo cha shimo, pamoja na ufito imara ukutani wa kushikilia. Apelekwe kwa saa zilezile kila siku, hasa baada ya kula, mpaka mwili uzoee. Hili ni jambo la heshima ya mtoto, na la usalama wake pia. Anayeweza kwenda chooni mwenyewe na kujifunga nguo hahitaji kuguswa na kila mtu, na mlango wa shule humfungukia zaidi.

Kucheza

Wapo wazazi wanaosema, "Nimemleta atibiwe, mbona anachezeshwa?" Mchezo ndio njia ambayo mtoto hutumia kujaribu mikono, macho, masikio na akili yake kwa pamoja. Vifaa havihitaji kununuliwa. Kuchambua mbaazi kutoka kwenye kunde hufundisha vidole viwili kushika kitu kidogo. Kuingiza vizibo vya soda katika tundu la mkebe huunganisha jicho na mkono. Kukanda kipande cha unga wakati wa kupika chapati huimarisha kiganja. Kumenya maharagwe, kupanga vikombe, kuchota mchanga na kumimina, kutunga shanga kubwa kwenye kamba ya viatu: yote haya ni mazoezi. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na punje, shanga au vizibo, kwa maana anaweza kuvimeza.

Kwa mtoto anayeuacha mkono mmoja, mtaalamu anaweza kuamua mkono mzima ufunikwe kwa muda maalum kila siku, ili ule dhaifu ulazimike kucheza. Mbinu hii ina ushahidi mzuri, lakini ina kanuni zake za umri, muda na aina ya michezo. Mzazi asiianze kwa kuifunga mikono ya mtoto nyumbani bila kuelekezwa.

Watoto wenye usonji nao wana mahitaji yao. Mtoto anayeziba masikio bodaboda ikipita, anayekataa kuvaa sare kwa sababu ya mshono wa shingoni, au anayekula wali mweupe tu, mara nyingi si mtundu wala hajadekezwa. Sauti, mguso na ladha humjia kwa nguvu kuliko zinavyowajia wengine. Mtaalamu husaidia kupanga siku yake itabirike: picha au vitu halisi vinavyoonyesha kinachofuata, mahali patulivu pa kujipumzisha, na kuzoezwa jambo jipya kidogo kidogo. Kumlazimisha au kumchapa huongeza hofu tu.

Shuleni

Elimu ya chekechea ni jukumu la serikali za kaunti chini ya Katiba ya 2010, kwa hiyo walimu wa PP1 na PP2 ni washirika wa karibu katika jambo hili. Mtoto anapoandika vibaya, kalamu ndiyo hulaumiwa kwanza, lakini shida inaweza kuanzia mbali zaidi. Mkono huandika vizuri ukibebwa na bega imara, na bega hukaa imara likibebwa na mwili uliotulia kitini. Mtoto ambaye miguu yake inaning'inia hewani hutumia nguvu zake kutoanguka. Kreti iliyopinduliwa chini ya miguu inaweza kubadilisha mwandiko kuliko kumkemea kwa muhula mzima.

Kipande kifupi cha chaki au kreyoni humlazimisha mtoto kukishika kwa ncha za vidole, kwa kuwa kiganja hakipati nafasi. Kuchora ubaoni au ukutani akiwa amesimama huimarisha bega na kifundo. Kabla ya herufi kuna mistari, duara na msalaba. Asiyeweza kuchora duara haharakishwi kuandika herufi "a". Anayechoka upesi akae mbele, apunguziwe kunakili, aruhusiwe kujibu kwa mdomo.

Mtoto anayehitaji kutathminiwa kielimu anaweza kupelekwa katika vituo vya EARC, vilivyoanzishwa nchini tangu 1984 kwa ajili ya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalum na kushauri shule inayowafaa. Baadaye, kwenye mitihani ya kitaifa, KNEC ina mipango maalum kwa watahiniwa wenye ulemavu, ukiwemo muda wa ziada. Ripoti za miaka ya mwanzo husaidia kuithibitisha hali ya mtoto, kwa hiyo zihifadhiwe.

Nauli, umbali na uchovu

Familia nyingi huacha tiba kwa sababu ya nauli, wala si kwa kutojali. Kutoka Ganze, Magarini au vijiji vya ndani ya Kaloleni, kumbeba mtoto wa miaka sita mgongoni hadi barabarani na kungoja gari ni kazi ya siku nzima, na siku hiyo kibarua hakilipwi. Mambo kadhaa hupunguza mzigo huo. Mzazi aombe ziara za fiziotherapia, tiba ya kazi na kliniki nyingine ziwekwe siku moja. Aombe maelekezo ya nyumbani yaandikwe au yarekodiwe kwenye simu, na asiondoke kabla hajayafanya mwenyewe mbele ya mtaalamu. Amshirikishe mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake, ambaye anaweza kumtembelea, kuona kiti kimewekwaje, na kumrudisha hospitalini mapema ikihitajika.

Mlezi naye ni mtu. Anayemwinua mtoto mzito kila siku huumia mgongo, na mtaalamu anaweza kumfundisha namna ya kuinua kwa miguu bila kukunja kiuno. Kuwalisha na kuwavalisha watoto hawa kusiwe kazi ya mama peke yake. Baba anayejua kumkalisha mtoto wake vizuri mezani amefanya tiba. Wazazi wanaokutana pale benchi ya hospitali na kubadilishana namba za simu hupeana nguvu ambayo haipatikani kwingine.

Haki na tahadhari

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo na haki ya huduma za afya. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kufikia taasisi za elimu zinazochangamana na jamii. Baada ya tathmini ya hospitali iliyoidhinishwa, mtoto mwenye ulemavu anaweza kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usajili huo hufungua njia ya kuomba vifaa kama viti vya magurudumu na misaada mingine. Kuhusu malipo ya tiba, mzazi aulize dawati la SHA hospitalini kabla ya kuanza, ajue kipi kinalipiwa na kipi hakilipiwi.

Tahadhari ni mbili. Tiba ya kazi haiahidi kuuondoa mtindio wa ubongo wala usonji. Anayeahidi kuponya hali hizo kwa fedha taslimu, iwe kwa mafuta, mashine au mazoezi ya siku saba, asipewe fedha hizo. Pili, mtaalamu wa kweli ana usajili na leseni, na kuulizwa hakumuudhi.

Wazazi na walezi, kuna mambo matatu yasiyohitaji kungoja. Kijitabu cha kliniki kifunguliwe kwenye ukurasa wa hatua za ukuaji. Mtoto aliyefichwa au anayetiliwa shaka apelekwe zahanati iliyo karibu, aombewe rufaa ya kuonwa na mtaalamu wa tiba ya kazi. Na katika mlo wa leo jioni, mtoto ambaye amezoea kulishwa aulizwe kama anataka kushika kijiko. Atamwaga. Kesho atamwaga kidogo zaidi ya nusu. Siku atakayokifikisha mdomoni mwenyewe, nyumba nzima itajua, na hakuna atakayehitaji kuelezwa maana ya tiba ya kazi.